SOMO LA NYUMBANI: Ushauri Mbaya Usiwe Neno la Mwisho

Andiko la kusoma: Marko 5:25-34



Marko anatueleza habari za mama aliyeugua miaka 12. Matabibu wengi walimtesa, mali yake ikaisha, na ugonjwa ukazidi. Tuangalie: Yesu hakumkemea kwa sababu alitafuta matabibu. Hata Luka, mwenzake Paulo, alikuwa tabibu (Wakolosai 4:14).

Sisi pia tumeonja jambo hili. Mtoto wetu alipokonda hapa kambini, alipewa ile siagi ya karanga ya pakiti. Midomo ilivimba, vipele vikatoka, akatapika. Mhudumu mmoja alituambia: "Mpeni kidogo kidogo, atazoea." Majirani walisema amerogwa. Tulimtii mhudumu. Mara ya tatu mtoto alishindwa kupumua. Tulimbeba mbio usiku, na muuguzi wa zamu akamchoma sindano ya adrenalini pajani. Pumzi ikarudi. Tulilia, tukamshukuru Mungu.

Tumejifunza haya:

1. Mzio (aleji) si uchawi wala kudeka. Mwili unapigana na kitu ambacho kwa wengine hakina shida: karanga, mayai, maziwa, samaki, sumu ya nyuki, hata dawa kama penisilini.

2. Kumjaribu mtoto nyumbani kwa chakula kilichomdhuru ni hatari. Lakini mtoto aliyekonda msimwache bila lishe. Mrudisheni zahanati, mwombe chakula kingine, na mzio wake uandikwe kwenye kadi.

3. Ulimi au koo likivimba, akipumua kwa shida, akilegea au kuzimia, msingoje asubuhi. Dawa ya kwanza ni adrenalini. Piritoni hupunguza kuwashwa tu, haiokoi pumzi. Mgonjwa alazwe, miguu iinuliwe. Akishindwa kupumua, aketi. Asitembezwe. Akipata nafuu, abaki zahanati saa kadhaa, maana dalili zaweza kurudi.

4. Sombe yetu wengi tunaitia karanga. Kabla ya kumpa mtoto wa jirani chakula, hata kwenye karamu ya kanisa, tumwulize mama yake kwanza.

Ndugu, kuna waliotuambia kwamba sindano ni kukosa imani. Sisi tuliomba njia nzima tukikimbia, na sindano ikachomwa tukiwa bado tunaomba. Hatukuona vita kati ya hayo mawili. Yule mama, baada ya miaka 12 ya kuvunjwa moyo, alinyoosha mkono tena. Nasi tukipewa ushauri mbaya, tuulize tena, kwa heshima, bila kuona haya. Mkimbizi naye ana haki ya kuuliza.

Maswali ya kujadiliana:
- Je, kuna mtu nyumbani kwetu anayedhurika na chakula au dawa? Majirani wanajua?
- Usiku, nani atatusaidia kumbeba mgonjwa hadi zahanati?

Tuwaombee wauguzi wetu, na mama wanaokesha na watoto wagonjwa. Amina.