Aliyesamehewa Pia Hupimwa

Maandiko ya somo: Marko 1:40-45, Walawi 14:1-10, 2 Wafalme 5:20-27

Kabla hujaendelea, fungua Biblia yako usome maandiko hayo matatu. Somo lote la wiki hii limesimama juu yake.

Mama mmoja wa kanisa letu alinipata baada ya ibada ya katikati ya wiki, simu mkononi, macho mekundu. Binti yake ni muuguzi Marekani. Wote wawili wameniruhusu nieleze jambo hili bila majina, ili lisaidie wengine.

Binti huyo amefanya shifti za usiku kwa miaka. Kuinua wagonjwa kukamharibu mgongo. Siku moja maumivu yalipozidi, rafiki anayeishi naye akampa vidonge viwili vya maumivu, vile vikali vya jamii ya afyuni, ambavyo rafiki mwenyewe alikuwa ameandikiwa na daktari. Akameza, akaenda kazini. Kesho yake akaitwa kupimwa mkojo. Kipimo cha kwanza kikaonyesha dawa, maabara ikarudia kwa kipimo cha pili kilicho makini zaidi, jibu likawa lile lile. Daktari anayekagua majibu akampigia simu kumuuliza swali moja: umeandikiwa dawa hii na daktari wako? Hakuwa ameandikiwa. Akasimamishwa kazi, na taarifa ikapelekwa kwa baraza la wauguzi la jimbo lake, wale wenye leseni yake.

Sisi hapa nyumbani tunaweza kushangaa. Ati vidonge viwili tu? Kwetu paketi ya dawa inazunguka nyumba tatu. Lakini kule, dawa ya aina hiyo ukiimeza bila kuandikiwa wewe mwenyewe, huna utetezi kwamba ni dawa halali. Na muuguzi ndiye anayeshika ufunguo wa kabati la dawa hizo hizo. Lazima waulize.

Mama aliniuliza hivi: "Pasta, mtoto ametubu. Tumefunga naye siku tatu. Si Mungu ameshamsamehe? Mbona basi bado wanamwandama?"

Nilikaa kimya kidogo. Ile mishahara ndiyo inayosomesha wadogo zake wawili, kwa hivyo halikuwa swali la maneno tu. Hebu tulijibu kutoka kwa Neno.

1. Yesu alimponya mtu, kisha akamtuma akapimwe

Katika Marko 1, mwenye ukoma anapiga magoti. Yesu anamgusa, na papo hapo ukoma unaondoka. Kazi imekwisha, sivyo? Lakini Yesu anamwagiza aende kwa kuhani, akaonekane, atoe sadaka aliyoiagiza Musa.

Sasa rudi Walawi 14 uone kule kwa kuhani kulikuwa na nini. Kuhani anatoka nje ya kambi kumkagua. Ananyunyiziwa mara saba. Anafua nguo, ananyoa nywele, anaoga. Anaruhusiwa kuingia kambini, lakini siku saba anakaa nje ya hema yake mwenyewe. Siku ya saba ananyoa tena. Siku ya nane ndipo analeta sadaka.

Ona vizuri: mtu huyu amepona tayari. Ukaguzi haumponyi. Ukaguzi ni kwa ajili ya majirani, ili wanaolala hema la pili wawe na hakika. Yesu mwenyewe, mwenye uwezo wote, hakumwambia aruke hatua hizo.

Wale wenu mlio kwenye sacco mnajua jambo hili. Ukichelewesha mkopo, kisha ukalipa wote pamoja na faini, deni limekwisha kweli. Lakini kesho ukiomba mkopo mwingine, karani anafungua rekodi yako na kukuomba wadhamini. Hajakataa kwamba umelipa. Anataka kuona mwenendo, na mwenendo hauonekani kwa siku moja.

Basi nilimwambia mama: Mungu amemsamehe binti yako siku aliyotubu. Baraza halisamehi dhambi wala halina uwezo huo. Baraza linamlinda mgonjwa aliyelala kitandani. Hizo ni kazi mbili, na moja haifuti nyingine.

2. Usishike njia ya Gehazi

Gehazi alimfuata Naamani mbio, akachukua fedha na nguo, akazificha nyumbani. Bwana wake alipomuuliza alikotoka, akasema hakwenda popote. Kosa la kwanza lilikuwa tamaa. La pili lilikuwa uongo mbele ya mtu ambaye tayari alijua.

Binti huyu alipata washauri wengi wa aina ya Gehazi. Mmoja alimwambia siku nyingine abebe mkojo wa mtu mwingine. Majimbo kadhaa yameufanya udanganyifu huo kuwa kosa la jinai. Unaanza na suala la leseni, unamaliza na kesi. Mwingine akasema ajiuzulu haraka ahamie jimbo lingine. Kujiuzulu hakusimamishi uchunguzi, na mabaraza ya majimbo yanapeana habari za leseni. Wa tatu, na huyu anaomba sana, alimwambia asifungue barua ya baraza, aiombee tu. Wapendwa, barua ile ina tarehe. Usipojibu, wataamua bila wewe.

Kusema ukweli pia kuna hekima yake. Si lazima uandike maelezo marefu usiku ukilia. Tafuta wakili anayejua mambo ya leseni kabla hujaandika chochote, kisha sema kweli. Wakili si kukosa imani. Paulo alitumia haki yake ya uraia mara kadhaa, soma Matendo 22 na 25.

3. Nje ya hema siku saba

Majimbo mengi ya Marekani yana mpango maalumu kwa wauguzi wenye shida kama hii. Florida ilianza wake miaka ya 1980. Anayekubaliwa anaweza kutunza leseni yake, kwa masharti. Kwanza mtaalamu anamchunguza kuona kama kuna uraibu au ni kosa la mara moja. Kisha anasaini makubaliano, mara nyingi ya miaka kadhaa. Kila siku anaangalia kama ameitwa kupimwa, na hajui ataitwa lini. Pombe hapana. Hata mkate wenye mbegu za mpopi anauacha, kwa sababu mbegu hizo zinaweza kuonyesha morfini kwenye mkojo. Kazini kuna msimamizi anayeandika ripoti. Na mara nyingi anarudi wadini bila ufunguo wa kabati la dawa kali, kwa muda.

Yuko ndani ya kambi, lakini nje ya hema. Inauma! Binti aliniambia kwa simu kwamba kinachomvunja si kipimo, ni kumwomba muuguzi aliyemfundisha kazi mwenyewe amchukulie dawa ya mgonjwa. Nilimwambia yule mwenye ukoma pia alikuwa akiiona hema yake kwa macho siku zote saba. Siku ya nane ilikuwa inakuja, lakini haikuja siku ya tatu.

Wauguzi wetu wa hapa, nanyi mna Baraza la Wauguzi la Kenya, lenye mamlaka juu ya usajili wenu. Na Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 41, inamtaka mwajiri, kabla ya kukufuta kwa utovu wa nidhamu, akueleze kosa kwa lugha unayoielewa, na uwe na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama kando yako. Itumie haki hiyo bila kelele na bila uongo.

4. Kanisa lisimame kama mdhamini

Hapa tujichunguze. Tukisikia mtu amefeli kipimo, tunamweka kwenye maombi ya hadhara, na Jumapili ikiisha mtaa mzima unajua. Hayo ni masengenyo yaliyofumba macho. Upande mwingine kuna wale wa "umesamehewa, yaishe," wanaomnyima mtu nafasi ya kupimwa na kusimama tena. Mdhamini wa kweli hutia sahihi akijua hatari, kisha hufuatilia. Mpigie simu. Saidia karo ya wadogo zake muhula huu. Na ile paketi ya dawa iliyobaki kwenye mkoba wako, usimpe jirani.

Binti bado yuko kwenye mpango. Ufunguo hajarudishiwa. Mama yake hupata ujumbe kila anapoitwa kupimwa, naye huinuka kuomba, hata kama kwetu ni usiku wa manane.

Maswali ya vikundi vya nyumbani

1. Kwa nini Yesu hakumruhusu aliyeponywa aende nyumbani moja kwa moja?
2. Ni jambo gani Mungu amekusamehe, lakini watu bado wanahitaji muda kukuamini? Unawapa muda huo?
3. Ndugu akikuambia siri ya kazini kwake, inaishia wapi?

Tuombe

Baba, asante kwa damu inayosafisha. Tupe moyo wa kukubali kukaguliwa bila hasira. Walinde wauguzi wetu, hapa na ng'ambo, na uwalinde wagonjwa walio mikononi mwao. Ufanye ulimi wa kanisa hili uwe mlinzi wa walioanguka. Katika jina la Yesu, amina.