Mtoto ni Amana: Somo juu ya Kambi za Watoto



Mtu akitaka kuweka mbuzi wake kwa jirani, huuliza kwanza: Je, zizi lake lina mlango? Usiku nani hulala karibu? Ikiwa twauliza hivyo kwa ajili ya mbuzi, si zaidi kwa ajili ya mtoto? Leo tutazame jinsi watu wa nchi za mbali wanavyowatunza watoto wa wenzao waliokabidhiwa mikononi mwao.

I. KAMBI NI NINI?

Katika Marekani na Ulaya shule hufungwa wakati wa joto, katikati ya mwaka. Hapo wazazi wengi hupeleka watoto wao kambini, mahali penye msitu au ziwa. Watoto hukaa huko siku kadhaa au majuma, wakilala katika hema au vibanda, wakijifunza kuogelea, kupika, na kuishi vema na wenzao.

Desturi hiyo si mpya. Mwaka 1861 mwalimu Frederick Gunn, wa Connecticut huko Marekani, aliwaongoza wanafunzi wake wakapiga kambi kando ya bahari. Mwaka 1907 Robert Baden-Powell alikusanya wavulana kama 20 katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza. Ndiyo asili ya Skauti. Aliwagawa katika vikosi vinne, kila kikosi na mkubwa wake, asipotee hata mmoja kwa kukosa wa kumwangalia.

II. WATOTO HULINDWA NAMNA GANI?

Kwanza, kwa hesabu. Chama kiitwacho American Camp Association, kilichoanza mwaka 1910, kimeweka kanuni: watoto wa miaka 6 hadi 8 wanaolala kambini, mlezi mmoja asipewe zaidi ya 6; wa miaka 9 hadi 14, wasizidi 8. Jicho la mtu lina mpaka wake.

Pili, kwa kwenda wawili wawili. Kabla ya kuingia majini kila mtoto hupimwa, ijulikane kama aweza kuogelea. Kisha hupewa mwenzake, na majina yao hutundikwa ubaoni pamoja. Kila baada ya dakika kama kumi filimbi hulia; wawili hushikana mikono na kuiinua juu, nao walinzi huhesabu. Mkono mmoja ukiinuliwa peke yake, wote hutoka majini mara moja, na mtoto asiyeonekana hutafutwa.

Tatu, kwa kukataa siri. Mtu mzima mmoja haruhusiwi kukaa na mtoto mmoja mahali pasipoonekana na wengine. Kanuni hiyo ililipiwa kwa machozi. Mwaka 2020 chama cha Skauti cha Marekani kilikwenda mbele ya mahakama kwa kuelemewa na madai; watu zaidi ya 80,000 walisema ya kwamba walitendwa uchafu walipokuwa watoto. Kwa miaka mingi majalada ya viongozi walioshitakiwa yalikuwa yamewekwa kwa siri. Waliotaka kulinda jina la chama hawakulinda watoto, na mwisho hata jina halikusalimika.

Nne, kwa kuchagua mahali. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 2025, mto Guadalupe katika jimbo la Texas ulipanda kama mita 8 kwa muda usiotimia saa moja. Katika kambi moja ya wasichana walikufa watoto na walezi wao 27. Vibanda kadhaa vilikuwa mahali palipojulikana ya kuwa maji hufika. Mwaka uo huo Texas ilitunga sheria: vibanda vya kulala watoto visiwe katika bonde la mafuriko, na kila kambi iwe na shauri lililoandikwa la kuwaokoa watu, nao walezi wafundishwe.

III. WAZAZI WAAMINI KWA NINI?

Si kwa maneno matamu wala kwa picha nzuri. Huamini kwa sababu ya mambo yanayoweza kuonekana na kupimwa. Kambi njema huchunguza mwenendo wa kila mlezi kabla ya kumpokea. Huandika maradhi ya mtoto, na dawa zake humkabidhi mwuguzi. Hukubali wakaguzi kutoka nje. Mtoto akiumia, huwapasha wazazi habari bila kuwaficha. Na tena huwafundisha watoto wenyewe kusema wanapotendwa vibaya, na kuwasikiliza wasemapo.

Twaona basi: uaminifu hauombwi, huonyeshwa. Mtu anayekasirika akiulizwa juu ya mtoto wako, amekwisha kukujibu.

IV. MAULIZO YA KUKUMBUKA

Mtu yeyote akiomba kuwachukua watoto wako walale mahali pengine, hata akiwa mtu wa heshima, umwulize hivi:

1. Walezi ni wangapi, na watoto ni wangapi?
2. Watalala wapi, na maji yakija usiku watakimbilia wapi?
3. Nani atawaangalia majini, na atawahesabuje?
4. Je, kuna saa ambayo mtu mzima mmoja atakuwa peke yake na mtoto mmoja?
5. Likitokea baya, nani atanipasha habari, na kwa njia gani?

Mtoto naye, siku ya kurudi, umwulize kwa upole; kisha unyamaze umsikilize mpaka mwisho.