Amana Zetu Ziko Wapi? Somo Kuhusu Kumbukumbu za Jumuiya



Ndugu zangu katika imani, Mtume Muhammad (s.a.w.) alipoondoka Makka kuhamia Madina mwaka 622, Ali bin Abi Talib (r.a.) alibaki nyuma kwa kazi maalumu: kuwarudishia watu amana zao. Miongoni mwa wenye amana hizo walikuwamo Makuraishi walewale waliokuwa wakimpinga. Walimkataa katika dini, lakini vitu vyao vya thamani waliviweka kwake. Naye, pamoja na hatari iliyokuwa mlangoni, hakuondoka navyo wala hakuviacha vipotee.

Tuanzie hapo, kisha tuulizane: amana tulizopewa sisi, jumuiya ya wanafunzi, ziko wapi?

Tumekabidhiwa nini?

Sizungumzii fedha peke yake. Jumuiya ina orodha ya wanachama na namba zao za simu. Ina majina ya waliopokea zakatul-fitri. Ina majina ya ndugu waliosilimu, na wengine familia zao bado hazijui. Ina picha za akina dada katika shughuli zao. Ina risiti na madeni. Siku hizi karibu vyote hivi hukaa kwenye simu ya mtu mmoja, na simu hiyo huvipeleka kwenye hifadhi ya mtandaoni ya kampuni fulani, ile tunayoiita wingu. Jina hilo lisitudanganye. Wingu ni kompyuta za watu wengine, mara nyingi katika nchi nyingine, chini ya sheria za huko.

Katika jumuiya niliyokuwamo kabla ya hii, katibu alimaliza masomo akaenda zake. Faili zote zilikuwa kwenye akaunti yake binafsi. Simu yake ikaibwa, namba ikafungwa, na akaunti haikufunguka tena. Baadaye dada mmoja akaja kudai pesa alizotukopesha kununua chakula cha futari. Hakuna aliyemwona mwongo, lakini hakuna aliyeweza kuonyesha ni kiasi gani. Tulichanga tukamlipa alichokumbuka. Yeye mwenyewe alibaki na wasiwasi kwamba huenda amepokea zaidi ya haki yake. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Surat al-Baqara, inahusu kuandika madeni. Sisi tuliandika, lakini hatukutunza tulichoandika.

Fiqhi inasemaje?

Kitu anachopewa mtu akitunze, wanazuoni hukiita wadi'a. Katika mlango huo kuna kanuni tatu zinazotuhusu.

Kwanza, kitu kitunzwe mahali panapolingana nacho. Dhahabu haiwekwi uani kama kuni. Pili, mtunzaji asikikabidhi kwa mtu mwingine bila idhini au dharura. Akitaka kusafiri, akirudishe kwa mwenyewe au wakili wake; asipowapata, kwa kadhi, au kwa mtu mwaminifu. Tatu, kikipotea bila uzembe wake, halipi. Kikipotea kwa uzembe wake, analipa. Madhehebu yana tofauti katika matawi, lakini msingi ndio huu.

Katibu anayehitimu ni sawa na msafiri yule. Na dada aliyeandika jina lake kwenye fomu yetu aliikabidhi jumuiya, si kampuni. Sisemi kwamba kutumia hifadhi za kampuni ni haramu. Kutoa hukumu ni kazi ya masheikh, na desturi ya watu nayo ina uzito wake. Ninachosema ni kwamba kutojua amana iko wapi, na nani ana ufunguo wake, ni uzembe.

Kwa nini wingu peke yake halitoshi?

Wenye hifadhi hubadilisha masharti. Google, kwa mfano, hutoa gigabaiti 15 bure, na tangu Desemba 2023 imeanza kufuta akaunti binafsi zisizotumika kwa miaka miwili. Ni haki yao, na wameitangaza. Lakini akaunti ya katibu wa zamani inaweza kuwa miongoni mwa hizo.

Mtandao nao huzimika. Jirani zetu wa Sudan, mwanzoni mwa Februari 2024, walikosa mawasiliano ya simu na intaneti karibu nchi nzima. Aliyekuwa na nyaraka zake mtandaoni tu hakuweza kuzifikia.

Hata taasisi kubwa huanguka. Maandiko ya kale ya Msikiti wa Riyadha wa Lamu, ule wa Habib Saleh, yalipigwa picha kwa msaada wa mradi wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa kumbukumbu zilizo hatarini. Oktoba 2023 maktaba hiyo ilivamiwa na wahalifu wa mtandaoni, na huduma zake nyingi zikazimika kwa miezi. Lakini utaratibu wa mradi ule ni kwamba maandiko ya asili hayaondolewi nchini, na nakala za picha hubaki kwa wenyeji pia. London ikizimika, Lamu haipotezi kitu.

Tufanye nini?

Njia zipo, na si za matajiri tu.

Ya kwanza ni programu ya Syncthing. Ni ya bure, na msimbo wake uko wazi. Huunganisha kompyuta na simu zetu moja kwa moja, bila kampuni katikati. Vifaa vikiwa kwenye rauta moja, faili hunakiliwa hata kama bando limekwisha.

Ya pili ni seva yetu wenyewe yenye programu ya Nextcloud, iliyoanzishwa mwaka 2016, nayo pia ni ya bure. Hufanya kazi kama hifadhi ya mtandaoni mliyoizoea: folda, kalenda, kugawana faili. Inaweza kukaa kwenye kompyuta kuukuu, au kompyuta ndogo sana kama Raspberry Pi 4, ambayo chaja yake ni ya wati 15, pamoja na diski ya nje. Sisi wa Nesitu jua tunalijua. Mtambo wa megawati 20 umejengwa papa hapa. Paneli ndogo na betri vinatosha kuendesha kifaa kama hicho.

Lakini tusijidanganye. Seva yetu bila nakala ya akiba ni mbaya kuliko wingu, kwa sababu diski huungua na mwizi hachagui. Basi tushike kanuni hii: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili tofauti, na moja ikae mahali pengine. Diski zifungwe kwa nywila, ili mwizi apate chuma tu. Nywila zijulikane na viongozi wawili, kaka na dada, na zikabidhiwe kwa maandishi siku ya kubadilishana uongozi. Na yasiyo ya lazima kuandikwa, tusiyaandike.

Hitimisho

Baada ya vita vya Yamama, ambamo wengi waliohifadhi Qur'ani waliuawa, Umar (r.a.) alimshauri Abu Bakr (r.a.) ikusanywe katika maandishi, na Zayd bin Thabit (r.a.) akaifanya kazi hiyo. Kurasa zile zilikaa kwa Abu Bakr, kisha kwa Umar, kisha kwa Mama wa Waumini Hafsa (r.a.). Uthman (r.a.) aliziazima, akanakili misahafu akaipeleka katika miji mikubwa, kisha akazirudisha kwa Hafsa. Angalieni: kila wakati ilijulikana ziko kwa nani, nakala zilikuwa sehemu mbalimbali, na kilichoazimwa kilirudishwa.

Napendekeza kikao chetu kijacho cha viongozi kiwe na ajenda moja kabla ya zote: kila mmoja aseme ana faili gani za jumuiya, ziko wapi, na nani mwingine anaweza kuzifungua. Aya ya 58 ya Surat an-Nisaa inatuamrisha kuzifikisha amana kwa wenyewe. Hatuwezi kurudisha tusichojua kilipo.

Allah atujaalie kuwa waaminifu kwa waliotuamini. Amin.

Wabillahi tawfiq.