Mthamini Anapokuja Bomani: Haki za Mwenye Nyumba Kisii na Nyamira

Uthamini wa nyumba ni kazi ya kitaalamu ya kukadiria thamani ya ardhi pamoja na majengo yaliyosimama juu yake, na katika kaunti za Kisii na Nyamira mara nyingi huagizwa pale mwenye shamba anapotaka kuweka hatimiliki yake rehani ili apate mkopo wa benki au wa chama cha akiba na mikopo. Lawama za kukawia kwa ripoti humwangukia mthamini, ilhali ziara yake bomani huchukua saa chache tu. Kinachokula wiki ni tofauti kati ya ardhi inavyosomeka kwenye karatasi na ardhi ilivyo chini, tofauti ambayo mwenye mali anaweza kuiondoa kabla mthamini hajafunga safari.

Haki ya kwanza ni kumjua anayeingia bomani. Sheria ya Wathamini, yaani Sura ya 532 ya Sheria za Kenya, hairuhusu mtu kufanya kazi hii kama mtaalamu pasipo kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wathamini, kwa hiyo si utovu wa adabu kumwomba mgeni mwenye tepu na kamera aonyeshe kitambulisho, barua ya mkopeshaji iliyomtuma na uthibitisho wa usajili wa mthamini atakayetia sahihi ripoti. Kwa kuwa kampuni ya uthamini huteuliwa na mkopeshaji huku ada ikilipwa na mkopaji, kiasi cha ada hiyo kinafaa kuulizwa na kujibiwa kwa maandishi mapema, wala si kwenye lango la boma.

Upande wa karatasi, hatua ya msingi ni upekuzi rasmi wa rejista ya ardhi, ambao wengi huuita sachi, unaoonyesha jina la mmiliki, ukubwa wa kipande na vizuizi vilivyosajiliwa, kama vile tahadhari iliyowekwa na mtu anayedai haki juu ya ardhi hiyo. Namba ya kipande inapaswa kunakiliwa nzima, pamoja na jina la sehemu ya usajili, kwa mfano Nyaribari Chache/B/B/Boburia kwa Kisii au West Mugirango/Siamani kwa Nyamira, kwa sababu namba ya mwisho pekee inaweza kujirudia katika sehemu nyingine. Ukubwa nao huandikwa kwa hekta, na hekta 0.10 ni takriban robo eka, hivyo mwenye mali anayejua shamba lake kwa eka ageuze hesabu hiyo kabla ya kubishana na ripoti.

Kikwazo kikubwa zaidi Gusii, ambako mashamba ni madogo na yamegawanywa kizazi baada ya kizazi, ni hatimiliki iliyobaki katika jina la baba au babu aliyefariki. Ndugu watatu huenda wamejenga, wakapanda ndizi na chai, na kila mmoja akajua mpaka wake bila ugomvi, lakini rejista bado inamtambua marehemu peke yake. Mthamini anaweza kuipima nyumba hiyo na kuipa bei, ila mkopeshaji hawezi kusajili rehani mpaka mirathi ifunguliwe mahakamani, msimamizi apatikane na hati yake ithibitishwe chini ya Sheria ya Urithi, Sura ya 160, kisha ardhi ihamishwe kwa jina la mrithi. Kulipia uthamini kabla ya hatua hizo ni kutupa pesa, kwani ripoti huwa imechakaa mirathi inapokamilika.

Mpaka ukiwa na mgogoro, kifungu cha 18 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 kinampa msajili wa ardhi kazi ya kuuamua kwanza, wala mahakama haisikilizi shauri la mpaka kabla yake. Siku ya ziara basi njia kati ya mistari ya chai ifyekwe hadi kwenye pembe za shamba, vyumba vyote vifunguliwe, na kibali cha ujenzi cha kaunti kiwe mkononi, jambo lenye uzito hasa mjini Keroka, penye mpaka wa kaunti hizi mbili. Kaburi lililo kando ya nyumba, ambalo ni la kawaida katika boma la Mgusii, halibatilishi uthamini; kulificha ndiko kunakoitia doa ripoti nzima.

Mke au mume anayeishi katika nyumba ya ndoa hana budi kuridhia rehani, kwa mujibu wa kifungu cha 79 cha Sheria ya Ardhi ya 2012, na pale mume ana wake zaidi ya mmoja wanaoishi humo, ridhaa ya mmoja haitoshi. Shamba la kilimo huhitaji pia idhini ya bodi ya kudhibiti ardhi.

Ripoti ikitoka, mkopaji asome bei mbili: bei ya soko, ambayo mnunuzi asiyeshurutishwa angelipa, na bei ya mauzo ya lazima, iliyo chini yake na inayokadiria mnada. Tofauti hiyo hupata uzito mkopo unaposhindikana, kwa sababu Kanuni za Madalali za 1997 zinataka bei ya chini ya mnada itokane na uthamini usiozidi miezi 12, na kifungu cha 97 cha Sheria ya Ardhi kinamlazimu mkopeshaji kutafuta bei bora inayopatikana kwa njia ya haki. Mali ikiuzwa kwa bei iliyo asilimia 25 au zaidi chini ya ile ya soko, sheria huchukulia kwamba wajibu huo umekiukwa mpaka mkopeshaji athibitishe vinginevyo. Mahakamani, hata hivyo, mkopaji hasikilizwi kwa kulalamika tu kwamba bei ni ndogo, bali kwa kuleta ripoti ya mthamini mwingine aliyesajiliwa. Kwa hiyo nakala ya ripoti ya kwanza iombwe kwa barua siku ile ile ada inapolipwa, na barua hiyo itaje Ibara ya 35 ya Katiba, inayompa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa mtu mwingine anapozihitaji kulinda haki yake.