Kwa nini Daktari Akugeuze Unapochunguzwa Utumbo

Mgonjwa anayechunguzwa utumbo mpana kwa mpira wenye kamera huanza kwa kulalia ubavu wa kushoto, magoti ameyakunja. Baadaye huweza kuambiwa alale chali, kisha alalie kulia. Wengine hukasirika, wakidhani daktari amepotea njia huko ndani. Wengine hukataa kugeuka kwa sababu ya haya.

Utumbo mpana una urefu wa kama mita 1.5, nao hulala umenywea kama soksi tupu. Ili kuta zake zionekane, daktari huujaza hewa kidogo. Sasa chukua chupa yenye maji nusu, uilaze, kisha uigeuze: maji hukimbilia chini na hewa hupanda juu. Tumboni ni vivyo hivyo. Ukilalia kushoto, sehemu ya kulia ya utumbo huwa juu, na hewa huitanua. Ukilala chali hutanuka ile inayokatiza tumbo. Ukilalia kulia, ni zamu ya upande wa kushoto, pamoja na kona iliyo karibu na bandama.

Kazi kubwa ya kutazama hufanyika mpira unapovutwa kurudi nje, polepole, kwa muda usiopungua dakika 6. Kinachotafutwa ni vinyama vidogo vilivyojificha nyuma ya mikunjo au chini ya maji. Vingi havidhuru, lakini vingine huweza kugeuka kansa baada ya miaka. Kikionekana mapema, mara nyingi hukatwa papo hapo bila kupasua tumbo. Kisipoonekana, mgonjwa huenda nyumbani akiamini yu mzima.

Mwaka 2011 madaktari wa hospitali ya St Mark's, London, walionyesha kwamba kumgeuza mgonjwa kuliwasaidia kuona vinyama zaidi. Uchunguzi mwingine haukupata tofauti hiyo, kwa hiyo usishangae daktari wako asipokugeuza. Wala kugeuka hakuondoi kinyesi. Aliyeficha nusu ya dawa ya kuharisha chini ya kitanda (na wapo!) amemfunga daktari macho.

Kama una maumivu ya nyonga, mgongo, au mguu uliowahi kuvunjika, mwambie muuguzi kabla ya kupewa dawa ya usingizi, ili wajue namna ya kukugeuza. Na hewa ikitoka kwa sauti, iache itoke, wao wameizoea.