Nyekundu Ipi? Kusoma Rangi za Stempu za Zamani Ukiwa Juba

Stempu za mwanzoni mwa karne ya 20 zinazopatikana Juba hutoka pande mbili. Kutoka kaskazini zilikuja za Sudan, zenye picha ya mpanda ngamia aliyebeba mifuko ya barua. Kutoka kusini zilikuja za Afrika Mashariki na Uganda, zenye sura ya Mfalme Edward VII na baadaye George V. Sababu ni historia ya mipaka. Hadi mwaka 1914, Gondokoro, iliyo ng'ambo ya mto kutoka Juba ya leo, pamoja na Nimule zilikuwa chini ya Uganda. Lado na Rejaf, kwenye ukingo wa magharibi, zilikuwa mikononi mwa Wabelgiji hadi 1910. Juba yenyewe ilianza kujengwa miaka ya 1920, kwa hiyo mtu akikuletea barua yenye muhuri wa posta ya Juba na kukuambia ni ya 1908, usiinunue.

Makala hii ni ya yule anayetaka kwenda mbali kidogo kuliko kujaza albamu: kutambua kwamba stempu mbili zenye picha moja na thamani moja hazina rangi moja, na kujua kwa nini.

Kwanza tutenganishe mambo mawili yanayochanganywa kila siku. Posta ikiamua kubadili rangi ya stempu, hiyo ni stempu mpya. Stempu ya Sudan ya milieme 4 ilitoka mwanzoni mwa 1907 ikiwa ya buluu na hudhurungi, na kabla mwaka haujaisha ikatolewa tena kwa nyekundu na kahawia. Hapo hakuna ubishi. Hata mtoto anaona. Tunachotafuta sisi ni kingine: amri ya rangi ilibaki ileile, ila kiwandani wino ulichanganywa upya kila mara mzigo mpya ulipoagizwa, na mchanganyiko haukutoka sawa. Mara ulikolea, mara ulififia, mara kijani kiliegemea buluu. Aina hizi zote mbili za stempu, za ngamia na za wafalme, zilichapwa London na kampuni ya De La Rue. Ilikuwa mahiri, lakini hata mikono mahiri haichanganyi wino sawasawa kwa miaka 20.

Mfano mzuri kuliko yote katika eneo letu ni senti 6 ya George V. Ilipotoka mwaka 1912 ilikuwa nyekundu ya kawaida. Mwaka 1917 ikaonekana nyingine, nyekundu kali inayoelekea chungwa. Kisha mwaka 1921, karatasi ilipobadilishwa, ikaja ya tatu yenye wekundu unaoelekea waridi. Ile ya kati ni mtoto wa vita. Kabla ya 1914 viwanda vya Ujerumani ndivyo vilivyotawala biashara ya rangi za kemikali duniani. Vita vilipofunga njia, wachapaji wa Uingereza wakalazimika kutumia walichokipata. Ndiyo maana nyekundu hii kali inaonekana katika stempu za makoloni mengi ya Uingereza kwa wakati uleule. Sijui stempu nyingine ndogo inayobeba habari kubwa kiasi hicho kwa rangi yake tu.

Sasa utaijuaje nyekundu ya 1917 kama hujawahi kuiona? Tafuta stempu iliyothibitishwa na maandishi yake. Mwaka 1919 senti 6 iligongwa maneno ya kuigeuza kuwa senti 4, na stempu zilizotumika kwa kazi hiyo zilikuwa za nyekundu kali. Vivyo hivyo senti 6 zilizogongwa herufi G.E.A. kuanzia 1917, kwa matumizi ya eneo lililotekwa kutoka kwa Wajerumani, yaani Tanganyika. Nunua moja safi ya aina hiyo na uiweke kama kipimo chako. Stempu yenye ushahidi wake mgongoni au usoni inafundisha kuliko ukurasa mzima wa majina ya rangi.

Kwa stempu za ngamia, kipimo kiko ndani ya karatasi. Mchoro huo, kazi ya afisa wa jeshi Stanton aliyeagizwa na Kitchener, ulitoka tarehe 1 Machi 1898 kwenye karatasi yenye alama ya maji (alama hafifu iliyo ndani ya karatasi yenyewe) ya ua lenye petali nne. Inasimuliwa kwamba alama hiyo ilifanana mno na msalaba, Waislamu wakalalamika, na kuanzia 1902 ikaanza kutumika karatasi yenye mwezi mwandamo na nyota. Milieme 1 ya kwanza ni kahawia na pinki. Ile ya mwezi na nyota wekundu wake umekolea zaidi. Milieme 5 ya 1898 ina wekundu wa waridi iliyoiva, na ya baadaye ni nyekundu kali. Basi tazama alama kabla ya kutaja rangi. Laza stempu kifudifudi juu ya kigae cheusi na uinamishe kidogo kwenye mwanga; mara nyingi alama hujionyesha yenyewe. Wengine hudondoshea benzini safi ya viberiti. Ukifanya hivyo, fanya nje, mbali na jiko na sigara, na usitumie petroli ya gari kwa sababu huacha mafuta kwenye karatasi.

Upande wa Afrika Mashariki, stempu za Edward VII za 1903 zina alama ya taji moja na herufi CA. Kuanzia 1904 taji na herufi hizo zikawa zimetapakaa karatasi nzima, na ndivyo ilivyobaki kwa za George V za 1912. Za 1921 zina herufi za mwandiko wa mkono. Kujua hilo peke yake kumekwisha kukupunguzia nusu ya mabishano kuhusu ile senti 6.

Hatari ni kwamba rangi nyingi "adimu" zinazouzwa ni stempu zilizoharibika. De La Rue walitumia wino wa kijani na wa zambarau uliotengenezwa makusudi uchuje kwenye maji, ili mtu asiweze kufuta muhuri na kuitumia stempu mara ya pili. Ukiloweka stempu hizo kuzibandua kwenye bahasha, kijani hugeuka manjano-manjano na zambarau huparara. Jua nalo huanza kula manjano iliyomo ndani ya kijani na kuacha buluu. Wino wa chungwa na baadhi ya nyekundu zenye madini ya risasi huweza kugeuka kahawia au karibu nyeusi hewani. Ukikuta senti 10 ya chungwa imekuwa kahawia, hiyo ni kutu ya wino, haina thamani ya ziada. Angalia pia mgongo wa stempu. Karatasi ikiwa imeungua na gundi imekuwa kahawia, uso nao umeathirika.

Kuhusu mwanga wa Juba, usitazame rangi juani. Jua la saa sita mchana hapa linaua tofauti zote. Muda mzuri ni kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, kivulini, karibu na dirisha lililo wazi, mbali na ukuta uliopakwa rangi kali. Balbu ya sola au ya jenereta isikuamulie lolote. Nyekundu mbili zinazotofautiana mchana zinaweza kuwa moja usiku. Weka stempu zote mbili pamoja juu ya kadi ya kijivu, na uzitoe kwenye mifuko ya plastiki kwanza. Kata tundu dogo kwenye kadi nyingine ya kijivu, ufunike, ili jicho lione wino tu bila kuvutwa na karatasi. Linganisha sehemu zilizojaa wino, si mistari myembamba. Simu haiaminiki hapa, kwa kuwa kamera hurekebisha rangi yenyewe. Kama ni lazima umtumie mtu picha, ziweke stempu zote mbili katika picha moja.

Kampuni ya Stanley Gibbons ya London huuza kadi ya rangi 200 zenye majina. Inasaidia kuelewana na wauzaji wa mbali, lakini usiifanye hakimu. Hakimu ni stempu yenye muhuri wa posta unaosomeka tarehe. Kusanya hizo kwanza, hata zikiwa na meno yaliyovunjika. Ni za bei nafuu na ndizo zitakazokuonyesha mwaka gani rangi gani ilikuwa inatumika. Chini ya kila moja andika kwa penseli alama ya maji, mwaka na mahali, kisha ndipo ueleze rangi.

Utunzaji hapa una adui wawili. Mvua za Aprili hadi Oktoba hulegeza gundi na kuleta ukungu. Kiangazi cha joto kali chini ya mabati hukausha karatasi mpaka ivunjike. Sanduku la chuma darini ni tanuri. Weka albamu wima, kwenye ukuta wa ndani usiopigwa na jua, ndani ya boksi linalofungika lenye pakiti za kunyonya unyevu, na uikague kila mwezi kwa ajili ya mchwa. Epuka mifuko laini ya plastiki yenye harufu, kwani hunyonya wino. Kibano kitumike daima. Jasho la vidole ni maji yenye chumvi.

Kwa atakayetaka wenzake, kuna Sudan Study Group na East Africa Study Circle, vikundi vya wakusanyaji vinavyochapisha tafiti kuhusu stempu hizi.

Lililobaki ni ombi. Barua za zamani bado zimo kwenye makasha ya familia, katika makanisa na kwa wajukuu wa wafanyabiashara. Ukipata bahasha yenye muhuri wa Gondokoro, Nimule, Mongalla au Rejaf, usibandue stempu na usikate kona ya bahasha. Ikitengwa na bahasha yake, nyekundu hiyo inapoteza tarehe, mahali na njia iliyopitia, na hakuna kadi ya rangi itakayovirudisha. Na kama karatasi hiyo ni ya ofisi ya serikali ya zamani, mahali pake ni Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa hapa Juba, si kwenye albamu yako.