Mgeni akituuliza: somo la jeografia ya kwetu



Wengi kati yetu tunaweza kutaja milima ya Ulaya bila kukosea. Lakini mgeni akishuka hapa Butembo na kuuliza, "Kwenu iko nini ya kuona?", tunaanza kuangaliana. Basi leo tumsindikize huyo mgeni, toka Butembo mpaka ku Semliki.

Kwanza atasikia baridi. Mstari wa ekweta unapita katikati ya Butembo na Lubero, naye alifikiri atakuta joto kali. Anatafuta triko! Sababu ni kimo: mji wetu uko yapata meta 1.750 juu ya bahari, na kila tukipanda meta 1.000 hewa inapoa kadiri ya digri 6. Ndiyo maana akiteremka Beni, ile triko anaivua.

Pale Beni, asubuhi mbingu ikiwa safi, aangalie mashariki. Kile cheupe kinachong'aa juu hapana wingu, ni barafu ya Ruwenzori. Kilele cha Margherita kina meta 5.109, katika Afrika yote ni Kilimanjaro na Mlima Kenya tu inayokipita. Wengi wanasema Ruwenzori ni volkano kama Nyiragongo ya Goma. Sivyo. Ni mwamba wa zamani sana uliosukumwa juu wakati ardhi ilipasuka na kufanya bonde kubwa. Kwa upande wetu njia ya kupanda inaanzia Mutwanga. Lakini barafu inapungua, kwani dunia inazidi kupata joto.

Chini ya mlima ni mto Semliki. Unatoka ziwa Edouard pale Ishango, unaingia ziwa Albert, halafu Nile, mpaka bahari ya Mediterania. Lakini mvua inayonyesha upande wa magharibi wa milima yetu inakwenda mto Kongo na bahari ya Atlantiki. Matone mawili ya mvua moja yanaachana huku kwetu!

Pale Ishango, mwaka 1950, Jean de Heinzelin alifukua mfupa wenye mikato mingi, wa miaka yapata 20.000. Wataalamu wengi wanafikiri ni alama za kuhesabu. Leo uko Bruxelles.

Sehemu kubwa ya haya yote iko ndani ya Parke ya Virunga, iliyoundwa 1925, ya kwanza katika Afrika. UNESCO iliiandika katika urithi wa dunia 1979, na tangu 1994 inahesabiwa kuwa hatarini.

Sasa tuseme ukweli. Tangu 2014 mauaji yameharibu maisha katika eneo la Beni, na kati yetu wako wanaoogopa hata kufika ku shamba la babu. Walinzi wengi wa parke wamekufa kazini. Hatumwambii mtu atembee huko leo. Lakini amani ikirudi, mgeni atarudi pia, naye ataomba mtu wa kumwonyesha njia. Kama sisi wenyeji hatujui, nani atamwonyesha?

Maulizo:
1. Ziwa Edouard liko kwenye meta 912. Toka pale mpaka Margherita hewa inapoa digri ngapi?
2. Mto wa karibu na kwenu unakwenda bahari gani? Waulizeni wazee, kisha mtafute ku karte.